Nani Alitawala Miji ya Waswahili Kabla ya Sultani wa Unguja?

Kila mjadala wa mwambao unapoibuka Kenya, uwe wa ardhi, wa mahakama za kadhi au wa ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliotambuliwa kuwa wa Sultani wa Unguja, hapakosi mtu wa kusema kwamba Pwani ilikuwa mali ya Sultani tangu zamani. Hapakosi pia wa kumjibu kwamba kabla ya Sultani kulikuwa na dola kubwa ya Zenj, kutoka Mogadishu hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, na kwamba Wareno ndio walioivunja. Anayesikiliza huondoka na picha ya wafalme wakipokezana pwani nzima, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Mfalme wa namna hiyo hakuwahi kuwapo. Sultani wa Unguja ndiye aliyekaribia zaidi, naye alikuja mwishoni kabisa, karne ya 19.

Kwa karibu miaka elfu moja kabla yake, mwambao ulikuwa wa miji, na kila mji ulikuwa na wenyewe. Kwa kawaida Lamu haikuwa ya Pate, Mombasa haikuwa ya Malindi, na Kilwa haikuwa na la kuiambia Mogadishu. Wengine walikuwa na sultani mwenye kasri na sarafu zake, wengine walikuwa na wazee tu na baraza lao. Nadhani huu ndio urithi wa utawala tunaousahau upesi kuliko wote, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba pasipo na mfalme mkubwa hapakuwa na serikali.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Mkuu wa mji aliitwa kwa kadiri ya mahali. Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, aliitwa jumbe au diwani. Unguja kulikuwa na Mwinyi Mkuu. Kilwa na Pate walisema mfalme au sultani, na Mombasa wanamkumbuka Shehe Mvita. Waungwana ni wenye mji, watu wa koo zinazojulikana, wenye haki ya kutia neno barazani. Kadhi ni hakimu wa sharia ya Kiislamu. Liwali ni mtu mwingine kabisa: huyu ni mwakilishi wa mtawala aliye mbali, na popote anapotajwa liwali ujue tayari kuna mkono wa nje ndani ya mji.

Sasa tuujenge mji kuanzia chini. Kuna nyumba. Nyumba zenye babu mmoja ni ukoo, na watu wa ukoo hukaa mtaa mmoja, mara nyingi na msikiti wao mdogo. Mitaa kadhaa hufanya mji, wenye msikiti wa Ijumaa. Mkubwa wa ukoo huwasemea watu wake. Wakubwa wa koo wakikutana hilo ndilo baraza, na baraza humtambua mmoja wao kuwa mkuu wa mji. Mkuu huyo alikuwa kama mwenyekiti wa kamati ya harusi: anaketi mbele na jina lake hutajwa kwanza, lakini fedha ni za waliochanga, na akianza kuamua peke yake wachangaji hukunja mikono.

Ndiyo maana kule Mrima mtu hakuwa jumbe kwa kuzaliwa tu. Ilimpasa kutoa ada kwa wakubwa wenzake na kuulisha mji kwa karamu, ndipo afungwe kilemba na kupigiwa ngoma kuu. Chini yake walikuwapo wenye vyeo vyao, waziri, shaha, amiri, na kila cheo kilikuwa na ada yake. Mgeni akizitazama sherehe hizo angeona watu wanaotapanya mali. Kumbe walikuwa wakifanya jambo la siasa: anayetaka heshima ya mji aurudishie mji sehemu ya mali yake kwanza, mbele ya watu wote.

Nisiipambe picha hii kupita kiasi. Waungwana hawakuwa watu wote. Watumwa walikuwa wengi katika miji hiyo na hawakuwa na sauti barazani. Mgeni aliweza kukaa miaka mingi, akaoa, akafanya biashara, na bado akahesabiwa mgeni. Ilikuwa serikali ya wachache walioshauriana. Hata hivyo walishauriana, na hilo pekee linatosha kuwatofautisha na wafalme tunaowasikia katika hadithi.

Tuna bahati kwamba mtu mmoja aliiona baadhi ya miji hii kwa macho yake na akasimulia. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier huko Moroko, alishuka Mogadishu mwaka 1331. Anasema jahazi likifika, vijana hulifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kusema: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara huyo hukaa nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni bei, au akafanya naye biashara mwenyeji asiwepo, biashara hiyo haikubaliki. Huu ni ukarimu, lakini pia ni sheria ya soko. Mji haukuhitaji polisi wa bandarini kwa sababu kila mgeni alikuwa na mtu wa kumjibia.

Humo humo Mogadishu anasimulia namna mashauri yalivyokatwa. Mambo ya sharia aliyaamua kadhi. Mengine yote yaliamuliwa na mawaziri na maamiri walioketi pamoja. Shauri likiwazidi kimo walimwandikia mtawala kwenye karatasi, naye akajibu papo hapo nyuma ya karatasi ile ile. Hapo utaona mambo mawili. Mtawala hakuwa kadhi, na wala kadhi hakuwa mtawala. Na shughuli nyingi za mji zilimalizika bila kumfikia mkubwa.

Kutoka hapo alipita Mombasa, kisha akafika Kilwa, mji ambao ndio uliokaribia zaidi kuwa dola tunayoifikiria. Kilwa ilinufaika na dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, ilipiga sarafu zake za shaba, na magofu ya kasri la Husuni Kubwa na msikiti wake mkuu yangali yapo kisiwani. Sultani wa wakati huo alikuwa Hasan bin Suleiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa mwilini, na sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Anasimulia pia kwamba sultani huyo alitenga sehemu ya tano ya ngawira kwa matumizi yanayoelekezwa na Qurani, na fungu la masharifu, watu wa kizazi cha Mtume, akaliweka peke yake. Alipofariki, nduguye Daud alishika kiti, na aliyekuja kuomba aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa.

Watu huzisoma habari hizi kama hadithi za tabia, huyu mkarimu na yule mchoyo. Mimi naziona kama habari za utawala. Mkuu wa mji wa biashara hakuwa na jeshi kubwa la kudumu. Kilichowaweka watu karibu naye ni kugawa, na asiyegawa alikuwa akiipunguza nguvu yake mwenyewe. Kufikia mwisho wa karne ya 15 nguvu za Kilwa zilikuwa zimeingia mikononi mwa maamiri na mawaziri, ambao waliweka masultani na kuwaondoa. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, aliyekuwa akitawala ni Amiri Ibrahim, mtu ambaye hakutoka katika ukoo wa kifalme. Walimwondoa, wakamweka mtu wao, na wakaanza kuandika kana kwamba wamepindua himaya.

Ile dola ya Zenj, basi, imetoka wapi? Habari za kale za Kilwa zinasimulia kuhusu Ali bin Hasan, aliyetoka Shiraz katika Uajemi na jamaa zake kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake: Mombasa, Pemba, Kilwa, Anjouan ya visiwa vya Komoro na kwingineko. Waandishi wa Kizungu wa enzi ya ukoloni waliisoma simulizi hiyo na kuifanya ramani ya dola moja. Lakini isome tena polepole. Majahazi ni saba, na kila moja na mji wake. Simulizi yenyewe inasema miji ni ndugu, haisemi kwamba mmoja aliitawala yote. Na Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, mfalme wa Malindi alimpokea kwa furaha, sababu mojawapo ikiwa uhasama wake na Mombasa. Miji ya dola moja haitafuti wageni wa kuisaidia dhidi ya miji mingine ya dola hiyo hiyo.

Swali la Shiraz huleta jingine: je, miji hii ilijengwa na Waarabu na Waajemi, wenyeji wakawa watazamaji? Mchanga umejibu. Huko Shanga, kisiwani Pate, waliochimba walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8, katikati ya kijiji kilichotumia vyungu vya aina ya wenyeji wa pwani na bara. Mji ulikua kutoka kijiji, na Uislamu ulikua ndani yake. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya vinasaba kutoka makaburi ya zamani ya mwambao. Wengi wa waliozikwa humo walikuwa na asili mbili zilizochanganyika kuanzia karne ya 11 hivi, upande wa Afrika ukitoka hasa kwa wanawake, na upande wa Asia, hasa Uajemi, ukitoka zaidi kwa wanaume. Kwa hiyo simulizi ya Washirazi haikuwa uongo mtupu. Wageni walikuja kweli, wakaoa katika koo zilizokuwapo, na watoto wao wakawa wa mji wa mama zao.

Jambo hilo la akina mama lina uzito katika utawala pia. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa ni miji ya Kiislamu, mwanamke hakuweza kutawala. Mombasa wanamkumbuka Mwana Mkisi kuwa mkubwa wa mji kabla ya Shehe Mvita. Unguja ilitawaliwa na Mwana Fatuma katika karne ya 17, akashirikiana na Wareno, na Waomani waliposhinda walimpeleka uhamishoni Maskati. Pate ilikuwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Hakuna aliyeona haja ya kuwaita makafiri. Sharia ilishika ndoa, mirathi na mikataba, na nani aketi kwenye kiti cha mji ilikuwa kazi ya mila na koo.

Pate penyewe pana kisa kinachoonyesha namna heshima ya utawala ilivyogombewa. Siwa, ile baragumu kubwa ya pembe za ndovu au shaba, ilikuwa alama ya mji, na iliazimwa kwa sherehe za watu wakubwa. Habari za Pate zinasimulia kuhusu Mwana Darini, ambaye mumewe aliuawa na sultani. Mwanawe alipofika umri wa kutahiriwa, alijua kwamba siwa ya kifalme hataipata. Basi alimwita fundi, akamtaka achonge siwa nyingine ya pembe za ndovu, na sherehe ikafanyika kwa siwa yake mwenyewe. Mjane mmoja alimwambia mfalme, bila kushika upanga, kwamba heshima ya ukoo wake haitoki kwa mfalme huyo.

Sasa twende kwenye miji ambayo mpangilio wake ulikuwa wa kina zaidi. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, yaani makundi ya koo zilizoingia kisiwani kwa nyakati mbalimbali, baadhi kutoka miji ya kaskazini iliyoanguka. Yaligawanyika pande mbili. Thalatha Taifa walikuwa Kilindini, Changamwe na Tangana. Tisa Taifa walikuwa Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza, Shaka, Bajuni na Katwa. Kila upande ulikuwa na kiongozi wake aliyeitwa tamim.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba haukuishia kisiwani. Thalatha Taifa walikuwa na mapatano na Wadigo na Waduruma, na Tisa Taifa walikuwa na mapatano na Mijikenda wa kaskazini, kama Warabai na Wagiriama. Bara walileta nafaka, pembe na watu wa vita. Mji ulitoa nguo, zawadi na mlango wa bahari. Hakuna aliyekuwa raia wa mwenzake. Tunapochora ramani ya Mombasa ya zamani kwa mstari ukingoni mwa kisiwa, tunaiacha nusu ya serikali yake nje. Mrima pia ilikuwa hivyo: Washomvi wa pwani waliwalipa wakuu wa Wazaramo, wenye cheo cha pazi, kwa sababu masimulizi yanasema Pazi Kilama ndiye aliyewaokoa walipovamiwa na Wakamba. Mji wa mawe ukimlipa ada mkuu wa bara si jambo ambalo vitabu vingi vya shule vinalisema.

Lamu walikwenda mbali zaidi. Hawakuwa na mfalme kabisa. Mji ulikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, na wazee wa pande hizo walikutana Yumbe, jumba la mji. Uongozi ulikuwa wa zamu: upande mmoja ulimtoa mwenye mui, yaani mkuu wa mji, kwa miaka minne, kisha ukampisha wa upande wa pili. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kupokezana madaraka ni jambo la kigeni kwetu. Wawaulize Walamu. Mpango huo haukuwafanya wanyonge pia. Karibu mwaka 1813, Pate na ukoo wa Mazrui, maliwali wa Mombasa, walipowavamia, Walamu waliwashinda ufuoni Shela.

Ushindi huo, hata hivyo, ndio uliofungua mlango. Kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, Walamu walimwomba Seyyid Said wa Oman awaletee ulinzi, naye akaleta liwali. Mombasa ilikuwa imepitia njia hiyo zamani zaidi. Waliwaita Waomani wawasaidie kuwatoa Wareno, ngome yao ya Mombasa, Ngome ya Yesu (Fort Jesus), ikaanguka mwaka 1698, na baadaye waliobaki ni maliwali wa ukoo wa Mazrui, hadi Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837, baada ya mataifa ya Mombasa kugawanyika kati ya pande mbili. Mji wenye pande mbili una faida ya kusawazisha nguvu. Udhaifu wake ni kwamba upande unaoshindwa unaweza kumwita mtu wa nje.

Hata Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, ndipo akawa huyo Sultani tunayemtaja, hakuifuta serikali ya zamani. Aliiwekea liwali na forodha juu yake. Mwinyi Mkuu alibaki Dunga, katikati ya kisiwa, akiwaongoza Wahadimu, wenyeji wa kisiwa hicho, kupitia masheha wa vijiji na kukusanya kodi kwa makubaliano na Sultani, hadi wa mwisho, Ahmed bin Muhammad, alipofariki mwaka 1873. Mrima majumbe waliendelea kupokea ada zao. Bwana Heri wa Saadani, mji wa Mrima, aliwapiga Wajerumani vita kuanzia mwaka 1888 kwa jina la mji wake, akiwa hajawahi kuishi kama mtumishi wa Unguja.

Ule ukanda wa maili kumi ulizaliwa hapa, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana wao kwa wao hadi wapi Sultani atambulike: maili kumi kutoka baharini, kuanzia karibu na mto Ruvuma hadi Kipini, na miji michache kaskazini ya hapo. Hakuna baraza la mji lililopima maili hizo. Wajerumani walinunua sehemu yao mwaka 1890. Upande wa Kenya ulikabidhiwa Waingereza kwa mkataba wa 1895, na ukaunganishwa rasmi na Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963, yaliyoahidi kwamba mahakama za kadhi zitabaki. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 170, inazipa mahakama hizo mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa humo.

Wajerumani, kwa upande wao, walichukua vyeo vya Mrima na kuvipeleka bara. Akida wa zamani alikuwa kiongozi wa vijana wa mji katika vita na ngoma; akida wa Wajerumani alikuwa mtumishi wa mshahara anayekusanya kodi katika nchi isiyo yake, na chuki dhidi yake ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Jumbe naye akageuzwa mtu wa kutuma amri. Unguja na Pemba cheo cha sheha kingalipo, naye huteuliwa na serikali. Sheha wa zamani alitokana na wenye kijiji, na pembeni yake walikuwapo watu wanne, wazee ambao bila wao hakuna shamba jipya lililogawiwa wala mgeni aliyepewa mahali pa kujenga.